Bwawa la kukomaza: kwa nini maji ya kijani ni dalili njema

Ukipita karibu na mabwawa ya majitaka huku nyanda za juu kusini, bwawa la mwisho ndilo linalotia shaka. Kina kifupi, maji ya kijani, hakuna mtambo unaonguruma wala klorini inayomwagwa. Wengi hudhani yameoza. Kumbe ukijani ule unaonyesha kwamba kazi inaendelea.

Hilo ni bwawa la kukomaza. Maji hulifikia yakiwa yameshapita mabwawa yenye kina zaidi, ambako tope limetuama na uchafu mwingi umeliwa na bakteria. Kinachobaki cha kuogopwa ni vijidudu vya magonjwa, kama vile vya kipindupindu na homa ya matumbo.

Kina chake kwa kawaida ni mita 1 hadi 1.5, ili mwanga ufanye kazi. Miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, huharibu vinasaba vya bakteria na virusi, lakini kwenye maji yenye mwani, mimea midogo inayoyapa ukijani, hufifia upesi, sentimita chache tu kutoka juu. Bwawa la mita 4 lingeacha maji mengi gizani. Mwani nao una kazi yake: mchana hufyonza hewa ya ukaa majini, pH (kipimo cha uasidi na ubesi) ikapanda hata kupita 9, na oksijeni ikajaa. Hali hiyo pamoja na mwanga mkali, bakteria wa kinyesi hawaistahimili. Mayai ya minyoo ni magumu zaidi kuuawa na jua. Hayo huondoka kwa kuzama, ndiyo maana maji lazima yakae siku kadhaa.

Na baridi ya Juni na Julai je? Hupunguza kasi, ni kweli. Ila Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na urujuanimno huku ni mkali kuliko pwani. Tena miezi hiyo haina mvua.

Mimi hofu yangu ni magugu maji. Yakitanda juu, mwanga hauingii, na bwawa linabaki dimbwi tu. Hilo linamgusa mkulima wa kinyungu, yaani bustani ya bondeni, anayemwagilia mchicha na saladi: mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza maji ya kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi yasizidi bakteria wa kinyesi 1,000 katika mililita 100, na yai 1 la minyoo kwa lita. Magugu yang'olewe kabla hayajafunika maji, na mkulima aulize kipimo cha mwisho kilisomaje kabla ya kufungulia mfereji.