Kiangazi kimoja hakimfanyi mtu mwalimu kamili

Wengi huamini kwamba nchini Marekani mhasibu au mwanasheria hugeuka mwalimu kamili kwa wiki chache za kiangazi. Sivyo. Chukua NYC Teaching Fellows, mpango ulioanza mwaka 2000 kuziba upungufu wa walimu jijini New York. Kiangazi ni mlango tu: anayejifunza hufundisha chini ya uangalizi, hukosolewa, hujaribu tena. Akifaulu mitihani ya jimbo, hupewa cheti cha muda. Septemba anapokea darasa lake na mshahara kamili, huku akisomea shahada ya uzamili ya ualimu. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapo ndipo anapohitaji sana mwalimu mkongwe wa kumshika mkono. Asipomaliza masomo hayo, cheti kile huisha nguvu.