Mgonjwa Anayeitwa Mkorofi: Haiba na Msongo wa Mawazo kwa Wenye Kisukari

Katika kliniki nyingi za kisukari hapa nchini kuna mgonjwa ambaye wauguzi humfahamu kabla hajafika dirishani. Ni yule aliyegombana na mtunza kumbukumbu mwezi uliopita, aliyekataa kupimwa na mwanafunzi, aliyerudisha vidonge vya metformini kwa sababu umbo lake halikufanana na la vile alivyozoea. Jina analopewa ni mkorofi, na jina hilo likishashika humtangulia kila anapokwenda. Sisi tulio katika kitengo cha afya ya akili huitwa kumwona baada ya uvumilivu wa wenzetu kwisha, wakati sukari yake imekuwa juu kwa miezi kadhaa na hakuna anayejua kama tatizo ni dawa, ni chakula, au ni mtu mwenyewe.

Mara nyingi jibu linahusu haiba yake, kwa hiyo kwanza neno haiba lenyewe. Katika mazungumzo ya kawaida mtu mwenye haiba ni mtu mwenye mvuto, anayependeza machoni pa watu. Wataalamu wa saikolojia wamelichukua neno hilo na kulitwisha mzigo mwingine: kwao haiba ni jumla ya namna mtu anavyojiona, anavyowaona wenzake, anavyohisi na anavyotenda, namna ambayo haibadiliki sana kadiri miaka inavyokwenda. (Binafsi naona neno hulka lingetufaa zaidi, lakini haiba limekwisha kuingia vitabuni.) Kila mtu ana haiba yake, na karibu kila haiba ina upande unaowaudhi wengine. Tunasema kuna tatizo la haiba pale tu namna hiyo ya kuhisi na kutenda inapokuwa ngumu kupindika, inapojitokeza nyumbani, kazini na hospitalini vilevile, inapomtesa mhusika au walio karibu naye, na inapokuwa imedumu kwa muda mrefu, kwa kawaida tangu ujana. Mwongozo wa 11 wa Shirika la Afya Duniani wa kuainisha magonjwa, ulioanza kutumika Januari 2022, unataja kipindi cha miaka 2 au zaidi. Mwongozo huo pia umeachana na orodha ndefu ya majina ya zamani na badala yake unauliza tatizo ni kubwa kiasi gani: dogo, la wastani au kali. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali hukadiria kwamba takriban watu 8 kati ya 100 wana tatizo la aina hii, kwa hiyo hapana shaka kwamba wamo katika foleni za kliniki zetu.

Sasa fikiria kisukari kinamdai mtu nini. Kinamtaka ajichome sindano au ameze vidonge kila siku hata kama hasikii maumivu yoyote, apime chakula ambacho wenzake wanakula bila kuhesabu, avue viatu miguu yake ikaguliwe, aseme mbele ya mtu asiyemjua kwamba nguvu za kiume zimepungua au kwamba amekunywa pombe. Kinamtaka aamini watu, atii ratiba, avumilie kushindwa na arudi tena mwezi ujao. Haya ndiyo mambo hasa yanayomwia vigumu mtu mwenye tatizo la haiba, na ndiyo sababu mtu aliyeishi miaka 40 bila mtu kugundua shida yake huonekana ghafla kuwa na shida kubwa baada ya kuanza kliniki. Ugonjwa haukumuumba upya. Umegusa pale palipokuwa pamelegea siku zote.

Chukua mtu ambaye hulka yake ni kutoamini. Vidonge vikija vimetoka kiwanda kingine, vina umbo jingine, yeye haoni mabadiliko ya ununuzi wa dawa, anaona hila. Ukimkejeli, umemthibitishia. Ukimweleza kabla hajauliza, ukimwonyesha jina la dawa kwenye kopo la zamani na la sasa, mara nyingi atavichukua, ingawa atanuna. Mwingine ni yule ambaye hisia zake hupanda na kushuka kwa saa chache na ambaye hofu yake kubwa ni kuachwa. Kwake muuguzi mmoja ni malaika na mwingine ni adui, kisha wiki inayofuata wamebadilishana nafasi. Daktari akimwambia kwamba hali yake imetulia na kuanzia sasa atahudhuria kituo cha afya kilicho karibu na kwake, habari ambayo wengine huipokea kwa furaha kwa kuwa inapunguza nauli, yeye husikia kwamba amefukuzwa, na huenda akaacha insulini siku hiyohiyo. Yupo pia mpenda ukamilifu, ambaye hakuna anayemwita mkorofi kwa sababu anakuja mapema na daftari lake limepangwa vizuri. Huyu hujipima mara 8 kwa siku, hutumia fedha za chakula kununulia vijiti vya kupimia, na akiona sukari ni 8.2 (milimoli kwa lita) asubuhi badala ya 7 hukosa raha hadi jioni. Tunamsahau kwa sababu yeye hatusumbui.

Hapo ndipo msongo wa mawazo unapoingia. Wagonjwa wetu husema, "Mawazo yamenipandisha sukari," na baadhi ya wahudumu hucheka wakidhani ni kisingizio cha mtu aliyekula ovyo. Usemi huo una ukweli wa kitabibu. Mtu anapokuwa katika hofu au hasira, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni za adrenalini na kortisoli. Ini hutoa glukosi, yaani sukari, iliyokuwa akiba, na kortisoli hupunguza uwezo wa mwili kuitikia insulini. Kwa mtu mwenye afya, kongosho husawazisha. Kwa mwenye kisukari, sukari hubaki juu. Njia ya pili hupita katika matendo, nayo huenda ikawa kubwa zaidi: mtu mwenye msongo halali vizuri, husahau dozi, hula anachokipata au hali kabisa, na wengine hurudia sigara au pombe. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, nayo huwapata wenye kisukari karibu mara mbili zaidi ya wasio na ugonjwa huo. Mwenye tatizo la haiba huingia katika mzunguko huu kwa urahisi, kwa kuwa jambo dogo, kama foleni kurukwa au jina kuitwa kwa sauti ya ukali, kwake ni tukio la siku nzima. Hata hivyo, mawazo hayaondoi haja ya dawa, na anayeambiwa "punguza mawazo tu" bila kupewa kitu kingine amepewa agizo asiloweza kulitekeleza.

Kuna tahadhari moja ambayo naomba isipuuzwe. Mtu aliyekuwa mpole maisha yake yote, kisha akiwa na miaka 55 akaanza kuwa mkali, mwenye shaka au asiye na haya, huyo hana tatizo la haiba hadi sababu nyingine zitafutwe. Sukari ikishuka chini ya 4 mtu anaweza kutokwa jasho, kutetemeka, kubishana na kutukana, na dawa yake ya dharura ni maji ya sukari kwa anayeweza kumeza, wala si mlinzi wa geti. Kiharusi kidogo kinaweza kuathiri sehemu ya mbele ya ubongo na kubadilisha tabia. Figo zinaposhindwa kazi, taka mwilini huchanganya akili. Prednisoloni, ambayo hutolewa kwa pumu na maradhi mengine, hupandisha sukari na pia inaweza kumfanya mtu akose usingizi na kuwa na hasira za haraka. Ni aibu ya kitaaluma kuandika "mkorofi" katika jalada la mtu ambaye sukari yake ilikuwa 2.8.

Tiba ya matatizo ya haiba ni ya mazungumzo, tena ya muda mrefu, na hakuna kidonge kinachobadilisha haiba; dawa hutumika kutibu sonona au wasiwasi unaoandamana nayo. Wataalamu wa tiba hiyo ni wachache, lakini mengi yamo mikononi mwa kliniki ya kawaida. Mgonjwa wa namna hii hutulia zaidi akihudumiwa na mtu yuleyule kila mara, akijua mapema miadi itachukua muda gani, akiambiwa kwa upole lakini bila kuyumba kwamba matusi hayakubaliki na kwamba huduma haitakatwa. Timu nzima iseme jambo moja. Muuguzi mmoja akilegeza na mwingine akikaza, mgonjwa hugawanya timu, na timu huanza kugombana yenyewe kwa yenyewe. Dodoso la maswali 9 la kupima dalili za sonona, ambalo lipo kwa Kiswahili, linaweza kujazwa wakati mgonjwa anasubiri majibu ya maabara. Akisema amechoka kuishi, aulizwe waziwazi anamaanisha nini, asiachwe peke yake, na apelekwe siku hiyohiyo kwa mhudumu wa afya ya akili.

Kwa ndugu wa mgonjwa, msishindane naye kuhusu kila tonge. Chagueni mambo mawili mtakayoyasimamia, kwa mfano sindano ya jioni na siku ya kliniki, na mengine myaache kwa wiki chache. Mkifika kliniki ombeni jina la muuguzi atakayempokea mara ijayo liandikwe kwenye kadi, pembeni ya tarehe.