Jiwe Linalokunywa Tone la Maji Ndilo Linalotunza Gesi

Chukua kipande kikavu cha mwamba wa mchanga kilichochorongwa kutoka kisima cha gesi, kidondoshee tone la maji. Halikai. Linanywewa palepale, kama umelidondosha juu ya chokaa kavu. Kwa lenzi utaona sababu: chembe za mchanga zimegusana kingoni tu, na katikati yake kuna vitundu. Humo ndimo gesi asilia hukaa. Wanaofikiria pango au tangi kubwa chini ya ardhi, naomba wabaki na picha ya tone hilo.

Mwamba mzuri huwa na vitundu kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya ujazo wake, na lazima viwe vimeunganika. Udongo laini ukiziba njia kati yake, mwamba unaweza kujaa gesi na kisima bado kikatoa kidogo mno.

Mfano ninaoupenda ni Groningen, nchini Uholanzi, ambako gesi iligunduliwa mwaka 1959 karibu na Slochteren, kina cha kilomita 3 hivi. Mchanga ule uliletwa na mito na upepo wa jangwani, zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Chini yake yamelala makaa ya mawe ya kale zaidi. Joto la kina kirefu liliyapika yakatoa gesi, nayo ikapanda kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji yaliyojaa vitunduni. Baadaye bahari iliingia jangwani, maji yakakauka, likabaki tabaka nene la chumvi. Chumvi ikipata ufa hujifunga yenyewe taratibu. Bila kifuniko hicho, gesi ingeshapotelea hewani zamani.

Kuna jambo lisilosemwa vya kutosha: gesi iliyomo vitunduni husaidia kubeba uzito wa ardhi iliyo juu. Groningen ilipovunwa kwa miongo, shinikizo lilishuka, chembe zikabanana, mwamba ukasinyaa. Ardhi ikadidimia, na mipasuko ya kale ikaanza kuteleza. Tarehe 16 Agosti 2012 tetemeko la ukubwa wa 3.6 lilipiga kijiji cha Huizinge, huko huko Groningen. Namba ni ndogo, lakini chanzo kilikuwa karibu na uso wa ardhi, chini ya nyumba za matofali za watu. Kuta zilipasuka, familia zikakosa usingizi.

Uzalishaji ulisimamishwa Oktoba 2023, gesi nyingi ikiwa bado imo. Matetemeko madogo yameendelea hata baada ya hapo, kwa sababu shinikizo ndani ya mwamba bado linajisawazisha.