Dakika 90 za mwanasoka wa kike: dhana potofu na ukweli

Dhana: "Mechi za wanawake ni nyepesi, hawakimbii sana."

Uwanja hauna vipimo vya peke yake kwa wanawake, mpira ni uleule wa saizi ya tano na dakika ni 90 zilezile. Ukimwacha kipa, mchezaji wa kike wa kiwango cha juu humaliza mechi akiwa amekwenda kilomita 10 hivi. Viungo wa kati mara nyingi huvuka hapo, mabeki wa kati huenda pungufu kidogo. Wanaume wa kiwango hicho huenda kilomita 10 hadi 12. Utafiti wa wachezaji wa kike wa Denmark uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta mioyo yao ikidunda kwa wastani wa asilimia 87 ya kiwango cha juu kabisa, na huo ni wastani wa mechi nzima. Mechi ikifika muda wa ziada, kama robo fainali ya Australia na Ufaransa katika Kombe la Dunia la 2023, huongezeka dakika 30 juu ya hizo.

Dhana: "Mwenye kilomita nyingi ndiye aliyefanya kazi kubwa."

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu hata makocha wanaowapenda wachezaji wao wanaiamini. Mwaka 2008 watafiti walilinganisha wanasoka wa kike wa daraja la juu kabisa duniani na wenzao wa ngazi inayofuata. Jumla ya umbali ilikaribia kuwa sawa. Kilichowatenganisha ni mbio kali: wale wa juu walikimbia kwa kasi kubwa umbali uliozidi wa wenzao kwa asilimia 28. Ripoti ya FIFA ya Kombe la Dunia la 2019 nayo ilionyesha kwamba mbio za kasi zilikuwa zimeongezeka tangu mashindano ya 2015.

Tena kuna kazi isiyoonekana kabisa kwenye kilomita. Kila baada ya sekunde chache mchezaji hubadili anachofanya: anatembea, anachomoka, anaruka, anageuka, anafunga breki. Kufunga breki baada ya mbio kali hubebesha mapaja na magoti mzigo mzito, ilhali umbali wake ni hatua mbili tatu tu. Winga anaweza kumaliza na kilomita chache kuliko kiungo wake na bado akaamka kesho yake miguu ikiuma zaidi. Na baada ya dakika tano za moto mkali, dakika zinazofuata mbio hupungua. Robo saa ya mwisho vilevile. Kwa hiyo kocha anayewazungusha wachezaji uwanja mwendo wa polepole, raundi baada ya raundi, anawaandaa kwa ile sehemu ya mechi ambayo haiamui chochote.

Dhana: "Vipimo vya wanaume vinatosha."

Kwa wanaume, mbio za kasi kamili huhesabiwa kuanzia kilomita 25 hivi kwa saa. Ripoti ya 2019 ya wanawake ilitumia 23. Ukiacha kifaa cha kupima mbio za mchezaji kwenye mipaka ya wanaume, mwanamke anajitoa kwa nguvu zote na mashine inaandika kwamba hakukimbia kasi. Kisha anapangiwa mazoezi ya wiki kwa takwimu hizo.

Dhana: "Magoti ya wanawake ni dhaifu kwa maumbile, hakuna la kufanya."

Ni kweli kwamba kano ya goti iitwayo ACL huchanika kwa wanasoka wa kike mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Vivianne Miedema wa Uholanzi, Beth Mead na Leah Williamson wa England wote walilikosa Kombe la Dunia la 2023 kwa jeraha hilo. Lakini mara nyingi huchanika bila kuguswa na mtu, wakati wa kutua, kugeuka au kufunga breki, na hayo ni mambo ya kufundishika. Programu ya kupasha misuli ya FIFA 11+, ya dakika 20 hivi, ilipojaribiwa kwa wasichana wa Norway ilipunguza majeraha makubwa karibu nusu. Sharti lake ni kufanywa mara kwa mara. Timu inayosema haina muda huo inachagua kupoteza wachezaji kwa miezi tisa au zaidi.

Dhana: "Hedhi ikikatika, mwili umeshakuwa fiti."

Hapana, hata kidogo. Mara nyingi ni dalili kwamba mchezaji anakula pungufu ya anachotumia, hasa wanga, ambao ndio nishati ya mbio kali. Hali hiyo ikiendelea, mifupa hudhoofika na huanza kupata nyufa. Hedhi yenyewe haimzuii kucheza; kila mwili una namna yake, ndiyo maana mwaka 2020 iliripotiwa kwamba timu ya wanawake ya Chelsea ya Uingereza inapanga mazoezi kwa kufuata mzunguko wa kila mchezaji. Ila asiyeiona kwa miezi mitatu mfululizo, na si mjamzito, apelekwe kwa daktari kabla ya kuongezewa mazoezi.