Miaka miwili haifungi ndoa

Naandika haya ili safari ijayo niwe na kitu cha kutuma kwenye simu badala ya kueleza upya. Kauli huwa ni ile ile: "Mchungaji, sisi kisheria tayari ni mume na mke, tumeishi zaidi ya miaka miwili. Tunachoomba ni baraka tu." Wengine huja na namba ya kifungu kabisa, 160, waliyoipata kwenye kundi la WhatsApp. Kifungu kipo. Hicho wanachodhani kinasema ndicho hakipo.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Sura ya 29, inayotumika Tanzania Bara, katika kifungu hicho inasema hivi kwa ufupi: ikithibitika kwamba mwanamume na mwanamke wameishi pamoja miaka miwili au zaidi, katika mazingira yaliyowafanya wajulikane kuwa ni mume na mke, itachukuliwa kwamba walioana kihalali, na dhana hiyo yaweza kukanushwa. Watu husoma "miaka miwili" wakaishia hapo. Mimi nawaomba wasome yaliyobaki. Kuthibitika maana yake ni mahakamani, kwa ushahidi, huku upande wa pili ukiuliza maswali. Kujulikana maana yake majirani, balozi wa nyumba kumi na ndugu wa pande zote mbili waseme walikuwa wakiwaona kama mume na mke. Anayekuja Ijumaa na kuondoka Jumatatu hata akiendelea hivyo miaka sita hajajenga kitu. Na kukanushwa maana yake mwenzako, au wifi yako siku ya mirathi, anaruhusiwa kuleta ushahidi kwamba hamkuwahi kufunga ndoa ya aina yoyote, au kwamba mmoja wenu ana ndoa ya mke mmoja ambayo haijavunjwa. Hili la pili likithibitika, hata miaka ishirini haisaidii, kwa sababu mwenye ndoa ya mke mmoja hana uwezo kisheria wa kuoa mwingine. Dhana haiwezi kumpa mtu ndoa ambayo asingeweza kuifunga mchana kweupe.

Kwa hiyo ukiniuliza leo, mkiwa mnapendana na mnacheka, kama ninyi ni mume na mke kwa kifungu cha 160, jibu ni kwamba hakuna anayejua. Hakuna ofisi inayotoa cheti cha kifungu hicho. RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, vifo na ndoa, hawakiandiki, mtendaji wa kata hana mamlaka nacho, na barua yake ya utambulisho ni ya utambulisho tu. Swali linajibiwa pale mmoja anapofukuzwa au anapokufa, na linajibiwa na hakimu. Kenya wamefika karibu na hapo hapo: Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema dhana ya ndoa itumike kwa nadra, na mzigo wa kuthibitisha ni wa anayeidai. Walalamikaji wa sogea tukae, yaani kuishi pamoja bila kufunga ndoa, wa pande zote za mpaka wana tatizo moja.

Sasa nigeukie upande wa pili, maana huko ndiko ninakokerwa zaidi. Ni ndugu zangu wahafidhina, wanaosema kifungu hiki ni cha shetani, kinahalalisha uzinzi, na wabunge Wakristo wakifute. Wengi wao hawajasoma kifungu kidogo cha pili. Hicho kinasema hata dhana ikikanushwa, mwanamke anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto waliozaliwa humo, na mahakama inaweza kutoa amri kama ambazo ingetoa ndoa inapovunjika. Mahakama ya Rufani, katika uamuzi ulioripotiwa mwaka 1994, ilisema amri hizo zinahusu pia kugawana mali waliyoichuma pamoja. Tangu mwaka 1983, katika shauri la Bi. Hawa Mohamed, ilikwisha kukubaliwa kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Yakusanye haya yote pamoja. Mwanamume aliyekaa na binti wa mtu miaka tisa, akajenga, kisha akaenda kuoa "bikira wa kanisani" kwa kwaya na tarumbeta, hawezi kumtoa yule wa kwanza na begi moja. Kuna uhafidhina gani katika kumsaidia mwanamume huyo? Torati yenyewe haikumwacha mwanamume aondoke hivi hivi. Kutoka 22:16 inamtaka aliyelala na msichana atoe mahari na kumwoa. Kifungu cha 160 ni ukuta uliojengwa kuwakinga wanaoachwa, na mimi sitatia saini waraka wa kuubomoa. Ninachokataa ni watu kuufanya mlango.

Kuna jambo jingine ambalo makanisa mengi tunalipita kwa haraka, nalo ndilo linalobadilisha kesi nyingi. Si kila wanaosema "tunaishi tu" wanaishi tu. Waulize. Je, barua ya posa ilipelekwa? Nani alipokea mahari, na walikuwepo nani? Je, binti aliagwa kwao na kukabidhiwa, au alihama na ndoo na godoro usiku? Kama wazee walikaa, mahari ikapokelewa, na binti akakabidhiwa kwa taratibu za kabila lao, hapo hatuzungumzii dhana tena. Hiyo inaweza kuwa ndoa ya kimila, moja ya namna ambazo sheria inazitambua pamoja na ya kikanisa, ya Kiislamu na ya bomani. Ilipaswa kuandikishwa ndani ya siku 30, na wengi hawakufanya hivyo, lakini kutokuandikishwa hakuibatilishi. Kubaki kwa mbuzi wawili wa mahari nako hakuibatilishi. Kifungu cha 41 kimeyataja yote mawili.

Maana yake kichungaji ni nzito. Watu hao wametengwa Meza ya Bwana kwa kosa la uzinzi, miaka nenda rudi, na huenda si wazinzi. Ni watu waliooana ambao hawajafika kanisani. Nina mashaka makubwa na mazoea yetu hapa. Tunatumia neno moja, "hawajafunga ndoa", kwa aliyekabidhiwa mbele ya wazee kumi na aliyehamia geto baada ya mahafali, kisha tunawapa adhabu moja. Boazi alimwoa Ruthu langoni mwa mji mbele ya wazee kumi na watu waliosema "sisi ni mashahidi" (Ruthu 4), hapakuwa na mchungaji wala keki. Isaka alimchukua Rebeka hemani mwa mama yake (Mwanzo 24:67), na vijana hupenda sana kunitajia hema hilo. Wasichotaja ni yote yaliyotangulia katika sura hiyo hiyo: mjumbe, zawadi, kaka na mama kukubali, binti kuulizwa kama atakwenda naye akajibu atakwenda. Hema lilikuja mwisho. Na Bwana Yesu alimwambia mwanamke Msamaria kwamba huyo aliye naye sasa si mumewe (Yohana 4:18). Kumbe kukaa na mtu na kuolewa naye alivitofautisha waziwazi, na hakuuliza wamekaa muda gani.

Kuna mtego katika ndoa ya kimila ambao wachungaji wenzangu wengi hawaujui. Sheria inaichukulia ndoa hiyo, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kuwa ni ya wake wengi au inayoweza kuwa hivyo. Mkija kanisani nikawawekea mikono na kuimba tenzi, aina ya ndoa yenu haibadiliki kwa wimbo. Kubadilisha kunataka tamko la wote wawili, kwa hiari ya kila mmoja, mbele ya jaji, hakimu mkazi au hakimu wa wilaya. Bila tamko hilo mke anadhani baraka ya kanisa imemfungia mumewe, kumbe kisheria mlango bado uko wazi. Iliyofungwa kanisani kwa taratibu za Kikristo kati ya Wakristo wawili ni kinyume chake: haiwezi kugeuzwa kuwa ya wake wengi maadamu wote wawili bado wanakiri imani hiyo. Mama mkwe anayedai mjukuu wa kiume ajue hivyo mapema.

Haya, kubariki. Kubariki kunawahusu waliokwisha kuoana kihalali, bomani au kimila. Hapo kanisa linaomba na kuwafundisha, na kitabu cha ndoa cha serikali hakiguswi, maana kisheria ndoa yao ni ile ya kwanza, na ibada ya pili haiibadilishi. Wa sogea tukae wanahitaji ndoa kamili: notisi, matangazo, mashahidi wawili, viapo, saini, cheti. Wachungaji wengine kwa huruma, au kwa kuogopa makaratasi, huwaombea ibada ya pili na kuwapa karatasi nzuri yenye nembo ya usharika na utepe wa dhahabu. Karatasi hiyo inakataliwa kwenye fomu ya bima ya afya, inakataliwa ubalozini, na siku ya kikao cha ukoo, shemeji akiishika mkononi, atacheka. Uliza mapema kama anayewafungisha ana leseni ya kufungisha ndoa na kama cheti mtakachopewa ni kile cha serikali. Kama hana, na ninyi wawili mlijua, ndoa yenyewe iko hatarini. Mkiwa hamkujua, sheria inawakinga.

Kuhusu siku. Sheria inataka notisi angalau siku 21 kabla. Makanisa tunatangaza Jumapili tatu, na watu hudhani ni kitu kimoja. Hesabu: tangazo la kwanza Jumapili tarehe 1, la pili tarehe 8, la tatu tarehe 15, harusi Jumamosi tarehe 21. Kutoka tarehe 1 hadi 21 ni siku 20. Imepungua moja. Kwa hiyo mje ofisini wiki inayotangulia tangazo la kwanza, wote wawili, msaini, ndipo hesabu itimie. Kasoro ya notisi haivunji ndoa, kifungu cha 41 tena, lakini matangazo hayako pale kwa urembo. Ndiyo nafasi ya mke wa Singida, mnayedhani hajui, kusikia kwamba mumewe anaoa Mbagala. Notisi inauliza majina, umri, makazi, wazazi, na hali ya ndoa ya kila mmoja. Kwenye hali ya ndoa ndipo uongo mwingi ulipo. Mtu aliyefunga ndoa kanisani mwaka 2009 akaachana na mwenzake "kwa maneno" huandika kwamba hajaoa. Bado ameoa. Ndoa hukoma kwa kifo au kwa amri ya mahakama, na anayetaka talaka huanzia baraza la usuluhishi wa ndoa kabla ya kwenda mahakamani. Hata akishaleta hati ya talaka, kanisa lina maswali yake ambayo hakimu hayaulizi, na hapo sitaahidi mtu chochote kwenye blogu.

Umri nitaupita mbio: chini ya miaka 18 sifungishi, hata baba akilia. Kifungu kilichoruhusu binti wa miaka 15 kilitangazwa na Mahakama Kuu mwaka 2016 kuwa kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Oktoba 2019. Niliona aibu kwamba sauti za makanisa hazikuwa za kwanza katika jambo hilo.

Mashaka yangu makubwa kabisa ni kuhusu kuwatenganisha. Kanuni ya mahali pengi ni kwamba mwanamke arudi kwao wakati wa matangazo, wiki tatu, ndipo aolewe "kutoka nyumbani". Kwa wawili wasio na watoto ninaona maana yake na ninaisimamia: toba inapaswa kuonekana. Kwa mama wa watoto watatu, mdogo ananyonya, mkubwa anasoma shule ya mtaani hapo, na kwao ni Kigoma, sina uhakika tunalinda nini. Nauli peke yake inaahirisha ndoa mwaka mzima, na mwaka huo mzima wanaendelea kuishi vile vile tunavyosema hawapaswi kuishi. Wenzangu wananiambia nikilegeza kwa mmoja nitalegeza kwa wote. Huenda. Kwa sasa nawaachia wazee wa kanisa waamue nyumba kwa nyumba, na nakiri kwamba huko ni kukwepa kidogo.

Gharama sizipokei kama sababu. Sheria haidai ukumbi, sare, wala kamati ya watu arobaini. Inadai ninyi wawili kwa hiari, mfungishaji mwenye leseni, na mashahidi wawili. Ndoa inaweza kufungwa katika ibada ya asubuhi siku ya kawaida, wasimamizi wakasaini, mkaenda kunywa chai. Mkitaka sherehe, changishaneni mwakani. Kinachowazuia wengi ni kuona aibu kwamba majirani walidhani mmeoana siku nyingi. Aibu hiyo ni ya saa mbili. Mje na vyeti vya kuzaliwa au vitambulisho vya NIDA, cheti cha kifo kwa mjane au hati ya talaka kwa aliyepewa na mahakama, barua ya usharika unakotoka kama si wetu, na majina ya wazazi yaliyoandikwa sawasawa. Jina likikosewa kwenye cheti, kulirekebisha kunachosha kuliko harusi yenyewe.