Fremu ya kaboni ikipasuka: wanavyosema watu na ukweli wenyewe

Jioni moja nimerudi kutoka mlimani naosha baiskeli yangu ya fremu ya kaboni, napitisha kitambaa pale bomba la siti linapokutana na bomba la juu, kitambaa kikanasa. Nikamulika na tochi, kumbe kuna kamstari kembamba kama unywele, urefu wake kama ukucha wa kidole gumba. Wiki zilizofuata nilipewa ushauri wa kila aina na mwingi haukuwa wa kweli kabisa, tena ni ule wa kumkosesha mtu fremu nzima, ndo maana naandika.

Kwanza wanasema ukiona mstari basi fremu imekwisha. Hapana. Rangi na vanishi vinaweza kupasuka vyenyewe huku kaboni ya chini, yani tabaka za nyuzi zilizogandishwa kwa resini, gundi inayokauka ngumu, ikiwa nzima, hasa pale inapoungana na kipande cha alumini. Chukua sarafu ugonge taratibu ukielekea kwenye mstari, sehemu nzima inalia kavu na kali, sehemu ambayo tabaka zimeachana inalia butu kama umegonga karatasi ngumu. Ila unene wa bomba nao unabadilisha sauti, kwa hiyo gonga na upande wa pili pale pale ulinganishe, na kama bado una wasiwasi wapo mafundi wa kaboni wanaopima kwa ultrasaundi, yani mawimbi ya sauti. Kabla hujajua usiipande, tafadhali, hata kama ni safari ya dakika tano.

Halafu kuna hili la kwamba kaboni inachoka kwa kutumika miaka mingi. Inayochoka hivyo zaidi ni alumini. Kaboni iliyotengenezwa vizuri inavumilia sana mizigo ya kujirudia, adui zake ni jiwe lenye ncha na kubanwa kupita kiasi. Kibano cha siti mara nyingi kimeandikwa chenyewe nyutoni mita 5, ndo kipimo cha nguvu ya kukaza, na mkono hauwezi kukisia hiyo, unahitaji spana ya toki, ile inayopima nguvu hiyo. Mtu anapaka grisi ya kawaida badala ya pasta ya kaboni, ile inayozuia kuteleza, siti inateleza, anakaza, inateleza tena, anakaza zaidi, mwisho bomba linalia kwa!

Sasa tuje kwenye waranti, hapa ndo watu wanaumia. "Nina waranti ya maisha, watanipa mpya." Maisha ya nani? Mara nyingi ni ya mnunuzi wa kwanza mwenye risiti, ukinunua kwa mtu umeikosa. Na waranti hailipii ufa, inalipia kosa la kiwandani, yani malighafi mbovu au utengenezaji mbaya, kwa hiyo ugomvi wote ni juu ya chanzo. Ajali haimo, kubana vibaya haimo, kufunga shokapu ya mbele inayozama milimita 160 kwenye fremu iliyoundwa kwa 140 mara nyingi inakutoa kabisa.

Mimi watu wa kiwanda walitazama picha mbili tu wakajibu kwamba nguzo ya siti, ile inayoingia ndani ya bomba la siti, ilivutwa juu kupita kiasi. Nikaichomoa. Kwenye nguzo ya kaboni au alumini kibano kinaacha alama ya duara la mikwaruzo, kwangu duara lilikuwa mbali kabisa na mstari wa mwisho wa kuvuta, nikaweka rula pembeni nikapiga picha, nikapiga na ndani ya bomba, nikaambatanisha risiti na namba ya fremu. Majibu yakabadilika. Kwa hiyo piga picha siku hiyo hiyo, kabla hujafungua kitu, na usikwangue rangi eti uone vizuri, ukikwangua umefuta ushahidi wako mwenyewe.

Wengine wanaamini kiwanda kikikataa basi mambo yameisha. Waranti ya kiwanda na haki yako kisheria ni vitu viwili. Nchi za Umoja wa Ulaya, kwa agizo la 2019/771, muuzaji anawajibika angalau miaka 2, na kosa likionekana ndani ya mwaka wa kwanza linachukuliwa lilikuwepo tangu unanunua mpaka yeye athibitishe vingine. Uingereza sheria ya haki za watumiaji ya 2015 inatoa miezi 6 ya namna hiyo. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "ongea na kiwanda", mwambie umenunua kwake.

Na kaboni inatengenezeka jamani, fundi anayejua anasaga mpaka apate nyuzi nzima, anajenga tabaka upya na resini, inakauka chini ya shinikizo. Ila usipeleke kabla waranti haijaamuliwa, maana ukishaigusa wamepata sababu ya kukukatalia.

Wakikukubalia, uliza kabla ya kusema ndiyo: fremu mpya inachukua ekseli ya nyuma ya upana gani? Kama yako ni milimita 142 na mpya ni 148, gurudumu lako la nyuma haliingii hivi hivi, na gharama za habu (kitovu cha gurudumu), usafirishaji na kazi ya kufunga mara nyingi zinabaki kwako.