Kabla ya Kulipia Kozi ya Sayansi Mtandaoni, Anzia Chuo cha Uuguzi

Nafundisha anatomia na fiziolojia katika chuo cha jamii (community college) hapa Minnesota, Marekani, na kabla ya hapo nilikuwa muuguzi wa wodi kwa miaka mingi. Kila muhula mpya ukikaribia, ujumbe wa WhatsApp huanza kuingia kutoka kwa Wakenya, Watanzania na Wakongo wanaofanya kazi ya CNA, yaani wasaidizi wa wauguzi, katika nyumba za kutunzia wazee, na sasa wanataka kuwa RN, wauguzi kamili waliosajiliwa. Swali lao ni lile lile: "Mwalimu, naweza kumaliza sayansi zote zinazotakiwa kabla ya kuingia uuguzi mtandaoni huku naendelea na shifti zangu za usiku?"

Mara nyingi inawezekana. Ila mwenye kauli ya mwisho juu ya kozi hiyo ni chuo cha uuguzi utakakopeleka maombi. Chuo kinachokufundisha kinaweza kukupa alama ya A nzuri kabisa, kisha programu ya uuguzi ikakataa kuihesabu. Nimeona watu wakirudia Mikrobiolojia nzima kwa sababu hiyo, pesa zimekwenda na mwaka umekwenda. Kwa hiyo nawaambia wote: chagueni kwanza vyuo vitatu au vinne mnavyotaka kuomba, someni masharti yao neno kwa neno, ndipo mtafute mahali pa kusomea.

Kozi zenyewe hazitofautiani sana. Iwe ni ADN, shahada ya uuguzi ya miaka miwili, au BSN, ile ya miaka minne, utakuta Anatomia na Fiziolojia sehemu ya kwanza na ya pili, Mikrobiolojia, na mara nyingi Kemia. Hizi za sayansi kwa kawaida huwa na krediti nne kila moja kwa sababu zina maabara. Juu yake kuna takwimu, saikolojia ya ukuaji, uandishi, pengine lishe. Hizi za mwisho zisikuumize kichwa, maana zikisomwa mtandaoni katika chuo chenye ithibati ni nadra kukataliwa. Matatizo karibu yote yako kwenye maabara.

Niseme kwanza habari ya ithibati, maana matangazo huchanganya watu hapo. Kuna ithibati ya chuo kizima na kuna ithibati ya programu ya uuguzi. ACEN na CCNE hukagua programu za uuguzi, hawana habari na kozi yako ya Kemia. Kwa kozi za awali unachotafuta ni ithibati ya chuo chenyewe, kama HLC kwa vyuo vya huku Minnesota, au SACSCOC kwa vyuo vya Texas na Georgia. Mwaka 2020 Wizara ya Elimu ya Marekani iliondoa mgawanyo rasmi kati ya ithibati za kikanda na za kitaifa, lakini programu nyingi za uuguzi bado zinaandika kwenye masharti yao kwamba zinataka ya kikanda, na wao ndio wanaokupokea. Wizara ina orodha ya vyuo vyenye ithibati ambayo yeyote anaweza kuiangalia bure mtandaoni. Jihadhari pia na kampuni zinazouza kozi za haraka zenye "mapendekezo ya ACE", yaani Baraza la Elimu la Marekani. Baraza hilo hupendekeza tu kwamba kozi inastahili krediti; kuikubali au kuikataa ni hiari ya chuo, na kwa sayansi zenye maabara programu nyingi za uuguzi huzikataa.

Sasa maabara. Wakati wa korona, mwaka 2020, vyuo vingi vililazimika kukubali maabara za mtandaoni. Baadaye baadhi vilirudi kwenye masharti ya zamani, vingine vikaacha mlango wazi, vingine vinakubali ya Anatomia lakini si ya Mikrobiolojia. Usimsikilize rafiki yako aliyeingia chuo fulani miaka iliyopita na kozi ya mtandaoni, masharti yanabadilika. Mwandikie barua pepe mshauri wa masomo wa programu ya uuguzi. Taja jina la chuo unachotaka kusomea, namba ya kozi, idadi ya krediti, na useme wazi kama maabara ni ya kompyuta, ya vifaa vya kutumiwa nyumbani, au ya kuhudhuria. Ambatanisha silabasi. Akikujibu kwa simu, mwombe kwa upole akuandikie. Hifadhi jibu hilo pamoja na silabasi yako hadi siku utakapoanza uuguzi, kwa sababu washauri huhama na anayekuja baada yake hajui mlichoelewana.

Maabara za mtandaoni hazilingani. Ziko zile za kompyuta tupu, ambapo unabofya picha ya moyo na jina linajitokeza. Na ziko zile za sanduku: unaletewa kwa posta glavu, kisu cha kupasulia, slaidi, pengine moyo wa kondoo uliohifadhiwa kwa dawa. Ukiweza kuchagua, chagua sanduku. Moyo wa kondoo una vyumba vinne kama wetu. Ukiupasua kwa urefu na kubana kuta za ventrikali mbili, yaani vyumba vya chini, kati ya vidole, utaona ule wa kushoto ni mnene mara kadhaa kuliko wa kulia. Wa kulia unasukuma damu hadi kwenye mapafu tu, jirani pale pale. Wa kushoto unaisukuma mwili mzima hadi kwenye nyayo. Mwanafunzi aliyebana kuta hizo mwenyewe hasahau tena, na baadaye akifundishwa kwa nini presha ya miaka mingi hunenepesha ventrikali ya kushoto, anaelewa papo hapo. Picha ya kompyuta imeshageuzwa upande sahihi na kupakwa rangi. Moyo halisi ni wa kijivu na inabidi uhangaike kujua mbele ni wapi. Kuhangaika huko ndiko kusoma kwenyewe.

Mikrobiolojia ndiyo ngumu zaidi kuifanyia nyumbani, na sioni ajabu kwamba vyuo vinaisitasitia. Hakuna atakayekutumia bakteria wa hatari kwa posta, kwa hiyo masanduku mengi hutumia hamira au bakteria wa mtindi. Lakini stadi yenyewe inahitaji mkono na jicho. Chukua rangi ya Gram, ya kutofautisha makundi mawili ya bakteria, iliyotokana na kazi ya daktari wa Denmark, Hans Christian Gram, mwaka 1884: kristali violeti, iodini, kisha alkoholi, kisha safranini. Hatua ya alkoholi ndiyo inayoamua. Ukizidisha sekunde chache, hata bakteria wa Gram chanya wanapoteza zambarau yao na kutokea waridi, nawe unasoma jibu la uongo. Mtu wa kukusimamia begani na kusema "suuza sasa" ana thamani kubwa. Ndiyo maana kwa wenye kazi napendekeza zile kozi za mseto zinazotolewa na vyuo vya jamii, mihadhara mtandaoni na maabara chuoni mara moja kwa wiki, nyingine jioni au Jumamosi. Omba ubadilishiwe shifti ya siku hiyo mapema, kabla ratiba ya kazini haijatoka.

Na hapa niseme kuhusu kasi. Kwa kipimo kinachotumika Marekani, krediti moja ni saa moja ya darasa na saa mbili za kujisomea kila wiki, kwa muhula wa wiki kama 15. Kozi ya krediti nne basi inakula saa 12 kwa wiki, na maabara inaweza kuongeza. Kozi hiyo hiyo ikibanwa katika wiki nane inakaribia saa 24, na mifupa 206 haipungui hata mmoja. Anayefanya shifti tatu za usiku za saa 12 na kuchukua Anatomia na Mikrobiolojia za wiki nane kwa pamoja amejiwekea kazi mbili juu ya kazi. Chukua sayansi moja kwa wakati mmoja kama una kazi ya muda wote. Kama umeacha shule zamani, anza na Kemia, kwa sababu sura za mwanzo za fiziolojia hudhani unajua ayoni ni nini.

Ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, si jambo la kukariri na kusahau. Kila seli mwilini ina pampu inayotoa sodiamu tatu nje na kuingiza potasiamu mbili ndani. Ndiyo sababu potasiamu imejaa ndani ya seli na katika damu ni kidogo tu, kama milimoli 3.5 hadi 5.0 kwa lita. Figo zikishindwa, potasiamu inapanda damuni, na misuli ya moyo inaanza kuvurugika umeme wake. Siku moja utakuwa wodini saa tisa usiku, majibu ya maabara yanasoma 6.8, na itabidi ujue kwa nini unamwamsha daktari sasa hivi. Daktari ataagiza kalsiamu ya kuukinga moyo, na insulini pamoja na glukosi ya kuirudisha potasiamu ndani ya seli, nawe utaelewa kila dawa inafanya nini. Yote hayo yamo katika kozi hii ya awali. Kwa hiyo ninapomwona mtu anamlipa mwingine amfanyie mitihani ya mtandaoni, au anakopi majibu kwa simu pembeni ya kamera, naumia kwa ajili ya mgonjwa ambaye bado hawajakutana.

Ninyi CNA mna faida ambayo wanafunzi wangu wengine hawana. Mnawageuza wazee kila saa mbili. Mkifika kwenye sura ya ngozi, kumbukeni sehemu ya chini ya mgongo na visigino, mahali mfupa uko karibu kabisa na ngozi. Uzito unabana mishipa midogo ya damu, oksijeni haifiki, tishu inakufa, kidonda kinaanza. Someni ukurasa huo kabla ya shifti, kisha mwangalie mnachokifanya kwa mikono yenu kila siku.

Kuhusu alama na muda kuna mitego miwili. Programu nyingi hutaka C au zaidi katika kila sayansi, lakini panapogombewa nafasi C haikufikishi mbali. Pengine huruhusiwi kurudia kozi zaidi ya mara moja, na kuna mahali hata kujiondoa katikati kunahesabiwa kuwa jaribio. Pili, sayansi huchakaa. Vyuo vingi vinataka iwe ya ndani ya miaka mitano au saba. Aliyesoma Anatomia mwanzoni mwa 2021 na anaomba kuanza 2027 ameshapitwa na sharti la miaka mitano, hata kama alipata A.

Msaada wa ada wa serikali ya Marekani, Pell Grant, haumfikii mtu anayechukua kozi moja moja bila kuwa katika programu ya shahada au cheti. Zungumza na ofisi ya udahili ya chuo cha jamii wakuandikishe kama mwanafunzi wa shahada, kama hali yako ya uhamiaji inakuruhusu kupata msaada huo. Mwulize pia mwajiri wako. Nyumba nyingi za wazee zina fungu la ada ambalo wafanyakazi hawalijui. Wenye viza ya mwanafunzi, F-1, wawe waangalifu: kwa kawaida ni kozi moja tu ya mtandaoni, au krediti tatu, inayohesabiwa kwa muhula katika mzigo wa masomo ya muda wote. Ongea na ofisa wa wanafunzi wa kigeni kabla ya kujiandikisha.

Aliyekwisha kuwa muuguzi nyumbani, mwenye usajili wa KRCHN (muuguzi wa afya ya jamii) wa Kenya au stashahada ya Tanzania, asikimbilie kozi hizi kabisa. Njia yake ni vyeti kutathminiwa, mara nyingi kupitia shirika la CGFNS, ambalo sasa linaitwa TruMerit, kisha bodi ya uuguzi ya jimbo, kisha NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi. Bodi ikitaka kozi ya kujazia itamwambia ni ipi.

Mwisho ni kalenda. Vyuo vingi vinapokea maombi mara moja au mbili kwa mwaka, na vingi vinataka mtihani wa kuingilia uuguzi uitwao TEAS, ambao katika maswali yake 170 una 50 ya sayansi, sehemu kubwa ikiwa anatomia na fiziolojia. Ufanye mara baada ya kumaliza sehemu ya pili, kichwa kikiwa bado na moto. Kozi za kujiendesha mwenyewe hazina tarehe ya kukusukuma, kwa hiyo jiwekee yako, angalau mwezi mmoja kabla maombi hayajafungwa. Alama ikitoka, agiza transkripti rasmi (hati ya alama zako) siku hiyo hiyo, kisha ingia kwenye akaunti yako ya maombi uhakikishe imepokelewa.